Mkwawa na ngome ya Kalenga: Ukuta ulianguka, jina likabaki

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayepanda basi Kibaha alfajiri kuelekea Nyanda za Juu Kusini huvuka Mto Ruvu, akaipita Chalinze na Morogoro, akakatiza mbuga ya Mikumi, kisha akapanda kona za Kitonga. Mchana huo huo hujikuta Iringa, mji wa mlimani wenye hewa ya baridi. Wengi wamelitaja jina la mji huo maisha yao yote bila kujiuliza lilikotoka. Lilitokana na neno la Kihehe, lilinga, ambalo maana yake ni ngome.

Ngome inayokumbukwa katika jina hilo haikuwa hapo mjini. Ilikuwa Kalenga, kilomita zipatazo 15 kutoka Iringa ya leo, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Aliyeijenga ni Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye Wajerumani walimwinda kwa miaka saba, na ambaye kichwa chake kilitajwa katika mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Habari za Mkwawa zimesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi zimesimuliwa kama habari za vita moja tu, ile ya Lugalo. Lakini maisha yake hayaeleweki vizuri bila kuutazama ukuta wa Kalenga. Huo ulikuwa kazi yake kubwa kuliko zote na fahari ya utawala wake. Ndio pia uliomponza.

Mtoto wa Munyigumba

Mkwawa alizaliwa miaka ya 1850, inakadiriwa 1855, huko Luhota, si mbali na Iringa ya leo. Jina lake kamili lilikuwa refu, Mkwavinyika, na ufupisho wake ndio uliokuja kuzoeleka vinywani mwa watu na katika maandishi ya wageni. Baba yake, Munyigumba wa ukoo wa Muyinga, ndiye aliyeziunganisha himaya ndogo ndogo za nyanda hizo kwa vita, kwa ndoa na kwa mapatano, hata likapatikana taifa moja lililojulikana kwa jina la Wahehe.

Munyigumba alipofariki dunia, takriban mwaka 1879, taifa hilo lilikuwa bado changa, na mauti ya mtawala yalifungua mlango wa fitina. Mwambambe, mkwewe marehemu, alitaka kiti. Mkwawa, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, alilazimika kukimbilia Ugogo. Alirejea na jeshi, na pande mbili hizo zikakutana mahali panapoitwa Lundamatwe. Jina hilo lenyewe linazungumzia mafuvu yaliyorundikana. Mwambambe aliangamia, na kiti kikarudi kwa mwana wa Munyigumba.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vita na majirani. Wangoni wa kusini walipigana naye vita kali vilivyokwisha bila mshindi, kila upande ukiwa umejifunza kuuheshimu mwingine. Wasangu wa Merere, waliokuwa na nguvu kabla ya Wahehe, walikwisha kusukumwa magharibi tangu enzi za Munyigumba. Upande wa kaskazini na mashariki, majeshi ya Mkwawa yalifika Ugogo na Usagara.

Huko ndiko zilikopita njia za misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji. Misafara hiyo ilianza safari yake Bagamoyo na bandari nyingine za mwambao, ikakatiza nchi ya Wazaramo na Wakwere, yaani maeneo ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya za Kisarawe na Kibaha, kisha ikavuka Ruvu kuelekea bara. Wapagazi walibeba nguo, shanga, bunduki na baruti wakienda, na pembe za ndovu wakirudi. Aliyeishika njia alishika utajiri, kwa kuwa kila msafara ulilipa hongo ili upite salama. Mkwawa alilielewa hilo mapema. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 hakuna mfanyabiashara wa njia ya kati aliyeweza kupanga safari bila kumfikiria.

Enzi ya maboma

Tusimwone Mkwawa kama mtu pekee aliyefikiria kujizungushia ukuta. Karne ya 19 ilikuwa karne ya maboma katika nchi hii. Biashara ya utumwa na pembe iliijaza nchi bunduki, na kila kijiji kilitafuta kinga yake. Katika Uzaramo vijiji vilizungushiwa uzio wa magogo na vichaka vya miiba. Katika Unyamwezi watawala walijenga kuta nene za udongo, na ngome ya Isike wa Unyanyembe, pale Tabora, ilikuwa miongoni mwa zilizosifika zaidi. Merere wa Usangu naye alikuwa na ngome yake Utengule.

Mkwawa alitaka kilicho kikubwa zaidi. Mnamo 1887 kazi ilianza Kalenga, na iliendelea kwa takriban miaka minne. Magogo na udongo mtupu havikumtosha. Aliamuru ukuta wa mawe yaliyoshikanishwa kwa udongo. Mawe yalikusanywa kutoka vilima vya jirani na kubebwa kwa mikono na vichwa na watu waliotolewa kila upande wa nchi yake. Ukuta ulikwenda kwa kilomita kadhaa, ukamzidi mtu mrefu kimo, na mahali pengine ukakaribia mita nne.

Mahali penyewe palichaguliwa kwa hekima. Ruaha Mdogo ulipita kando, ukitoa maji ya watu na ya mifugo, na kuwa kizuizi kwa adui ambaye angetaka kuingia kutoka upande huo. Maji hayo hayakomei Iringa. Huingia Ruaha Mkuu, yakaungana na Rufiji, na hatimaye yakamwagika Bahari ya Hindi katika Mkoa huu wa Pwani. Kwa hiyo maji yaliyopita chini ya ngome ya Mkwawa ndiyo yaliyofika kwenye mikoko ya Rufiji, mwambao ambako maadui zake walishukia.

Kujenga ngome kando ya mto ni busara ya kale duniani. Nchini India, mfalme Akbar wa ukoo wa Mughal alianza mwaka 1565 kuijenga upya ngome ya Agra kando ya Mto Yamuna, kwa mawe mekundu, na kuta zake zenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi zimesimama hadi leo. Akbar alikuwa na mafundi wa kuchonga mawe, hazina ya dola kubwa na mizinga yake mwenyewe. Mkwawa alikuwa na mikono ya watu wake, mawe ya mlimani na udongo wa mtoni. Hata hivyo mawazo ya watawala hao wawili yalifanana: maji upande mmoja, ukuta pande nyingine, na ndani yake mji mzima, hazina na nyumba ya mtawala.

Ndani ya Kalenga nyumba zilikuwa za tembe, kama ilivyokuwa desturi ya nyanda hizo. Tembe ni nyumba ndefu ya pembe nne, yenye kuta za miti na udongo na paa la bapa lililofunikwa udongo uliopondwa. Hujengwa kuzunguka uwanja, watu wakilala upande mmoja na mifugo upande mwingine. Paa lake halishiki moto kwa urahisi kama la nyasi, na mpiganaji anaweza kusimama juu yake. Nyumba za namna hiyo zilipopangwa kwa mamia nyuma ya ukuta wa mawe, kila moja ilikuwa ngome ndogo ndani ya ngome kubwa. Humo ndimo Mkwawa alimoweka familia yake, wakuu wake, ng'ombe, pembe za ndovu na akiba ya baruti.

Lugalo

Ukuta ulikuwa ukikamilika wakati Wajerumani walipokuwa wakimaliza kuitiisha pwani. Vita vya akina Abushiri na Bwana Heri vilikwisha kuzimwa. Hata Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, ambako wamisionari Wabenediktini walianza makazi yao mwaka 1888, palikuwa pameshambuliwa na kuteketezwa Januari 1889 katika vurugu hizo. Sasa macho ya wakoloni yaligeukia bara.

Katikati ya mwaka 1891 kikosi kiliondoka Kilwa chini ya Emil von Zelewski, ofisa ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo kwa ukali wake. Alikuwa na askari zaidi ya 300, wengi wao wakiwa wameajiriwa kutoka Sudan na Msumbiji, pamoja na wapagazi, mizinga na bunduki za rashasha. Njiani alichoma moto makazi mengi. Masimulizi ya Wahehe yanaeleza kwamba Mkwawa alituma wajumbe wenye zawadi kutaka mazungumzo, nao wakapigwa risasi.

Asubuhi ya Agosti 17, 1891, kikosi hicho kilikuwa kikipita katika njia nyembamba ya Lugalo, mashariki ya Iringa ya leo, kwa mstari mrefu, bunduki nyingi zikiwa hazijajazwa risasi na mizinga ikiwa mizigoni juu ya punda. Wahehe wapatao 3,000 walikuwa wamelala katika majani na nyuma ya miamba. Waliongozwa na Mpangile, nduguye Mkwawa. Ofisa mmoja Mjerumani alifyatua risasi kumpiga ndege, na Wahehe wakaichukulia kuwa ndiyo ishara. Waliinuka kwa mikuki. Dakika chache tu zilitosha. Zelewski alichomwa mkuki na kijana mmoja akafa, na pamoja naye Wazungu wengine tisa, askari wapatao 250 na wapagazi wengi. Bunduki zipatazo 300 zilibaki mikononi mwa Wahehe, na mizinga kadhalika.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaopita kila siku mbele ya kambi ya jeshi ya Lugalo, ambayo zamani iliitwa Colito, wanapita mbele ya kumbukumbu ya asubuhi hiyo.

Ushindi huo haukupatikana nyuma ya ukuta. Ulipatikana porini, kwa kuvizia, kwa kasi, na kwa kuijua ardhi kuliko adui. Silaha iliyoushinda mzinga ilikuwa mkuki, kwa sababu mzinga haukupewa muda wa kushushwa kutoka kwa punda. Mwezi Oktoba 1892 Wahehe walirudia kazi ya namna hiyo walipoishambulia ghafla ngome ndogo ya Wajerumani huko Kondoa, karibu na Kilosa, na kuwaua walinzi wake. Nako pia, wao ndio waliochagua mahali na saa.

Siku za mwisho za Kalenga

Wajerumani nao walijifunza. Hawakurudi haraka. Walianza kwa kuzivunja ngome nyingine. Januari 1893 ofisa Tom von Prince, aliyezaliwa Mauritius na ambaye Waswahili walimwita Bwana Sakarani, aliivamia ngome ya Isike pale Tabora. Isike alipoona mambo yamekwisha aliilipua baruti yake, nyumba na yeye mwenyewe ndani yake. Mwaka huo huo Gavana Friedrich von Schele alimshinda Meli wa Moshi. Habari za namna hiyo husafiri na misafara, na bila shaka zilifika Kalenga.

Mwishoni mwa Oktoba 1894 Schele mwenyewe alitokea mbele ya ukuta wa Kalenga akiwa na askari mia kadhaa na mizinga, na Prince akiwa miongoni mwa maofisa wake. Hakupita katika njia nyembamba kwa mstari mrefu. Alipiga kambi, akaweka mizinga yake, akaanza kurusha makombora mjini. Wenyeji wanasimulia kwamba kilima cha Tosamaganga, kinachoelekea Kalenga, kilipata jina lake kutokana na siku hizo, kwa kuwa maana yake ni kurusha mawe, na makombora yalionekana kama mawe yatokayo mlimani. Miaka michache baadaye Wabenediktini, watu wa shirika lile lile lililokuwa limeanza Pugu, walijenga misheni yao kwenye kilima hicho.

Baada ya siku mbili za mizinga, Oktoba 30, askari waliingia kupitia ukuta. Mapigano yaliendelea tembe kwa tembe. Wahehe walikufa kwa wingi katika vichochoro vya mji wao wenyewe. Ilipofika jioni Kalenga ilikuwa imetekwa, sehemu yake ikiwaka moto, na Wajerumani wakihesabu baruti na pembe za ndovu zilizokuwa zimehifadhiwa. Mkwawa hakupatikana. Inasimuliwa kwamba hakutaka kuuacha mji wake, na kwamba wakuu wake ndio waliomtoa kwa nguvu.

Kwa nini ngome iliyochukua miaka minne kujengwa ilianguka kwa siku mbili? Sababu si uoga, maana hata maofisa wa Kijerumani waliukiri ukakamavu wa waliowapinga. Sababu ya kwanza ni urefu wa ukuta wenyewe: ulihitaji walinzi kila mahali kwa wakati mmoja, ilhali adui alichagua mahali pamoja tu pa kuingilia. Ya pili ni kwamba ulijengwa kuzuia mikuki, mishale na bunduki za gobori, silaha ambazo majirani wa Mkwawa walikuwa nazo, na haukujengwa kuzuia kombora linaloruka juu yake. Ya tatu ni kwamba bunduki na mizinga iliyotekwa Lugalo ilihitaji mafunzo na risasi ambazo Wahehe hawakuwa nazo za kutosha.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko hizo ni kwamba ukuta ulimwambia adui mahali pa kumkuta Mkwawa. Lugalo Wajerumani hawakujua walipo Wahehe mpaka mikuki ilipowafikia. Kalenga walijua. Mtawala aliyeshinda kwa kutokuonekana alijiweka mahali anapoonekana kutoka kila kilima. Ngome ilimpa utukufu wa mfalme, na ikamnyang'anya silaha yake iliyo bora.

Miaka minne porini

Kuanguka kwa Kalenga hakukuwa mwisho wa Mkwawa. Schele aliondoka baada ya siku chache, na njiani Wahehe wakamshambulia tena. Mtawala asiyekuwa na ukuta akawa mgumu zaidi kushikwa. Kwa karibu miaka minne alihama kutoka msitu hadi msitu na kutoka pango hadi pango. Wananchi walimwachia chakula porini, wakamfikishia habari za nyendo za askari, na wakakaa kimya walipohojiwa.

Mwaka 1896 Prince alikuja kukaa moja kwa moja. Alichagua kilima chenye kuyatawala mabonde ya pande zote, si mbali na jiwe kubwa la Gangilonga, yaani jiwe linalosema, akajenga kituo cha kijeshi. Mji uliokua kukizunguka uliitwa Iringa. Hivyo jina la ngome iliyovunjwa lilihamishiwa kwenye kituo cha aliyeivunja.

Kisha Prince alijaribu kuutenganisha ukoo. Desemba 1896 alimsimika Mpangile, yule yule aliyeongoza vita ya Lugalo, kuwa mtawala badala ya nduguye. Haukupita muda Wajerumani wakamtuhumu kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri, na Februari 1897 wakamnyonga. Ardhi ya Wahehe ilimegwa, Merere akarudishiwa Usangu yake, na vijiji vilivyoshukiwa kumficha mkimbizi vilichomwa pamoja na mazao. Njaa ikaingia. Zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Fedha hizo zilikuwa utajiri usiosemeka kwa mkulima wa siku zile, na bado miaka ilipita bila mtu kuzidai.

Maadui wawili ambao hawakuhitaji zawadi, njaa na ugonjwa, ndio waliomfikia kwanza. Kufikia Julai 1898 Mkwawa alikuwa dhaifu, na waliobaki naye walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Julai 19, kikosi kidogo cha sajini Johannes Merkl kilimkamata kijana aliyekuwa akimtumikia, na kupitia kwake kikafika karibu na Mlambalasi, magharibi ya Iringa. Wakiwa bado njiani walisikia mlio wa bunduki. Walipofika walikuta miili miwili. Mkwawa alikuwa amemuua mwenzake wa mwisho, kisha akajipiga risasi. Hakutaka kupelekwa hai mbele ya Prince.

Merkl alikikata kichwa na kukipeleka Iringa. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi na watu wake. Kichwa kikasafirishwa Ujerumani.

Fuvu katika mkataba

Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza na Waingereza kuchukua Tanganyika, utawala mpya uliona kwamba fuvu hilo lilikuwa na uzito kuliko bunduki nyingi. Kwa pendekezo la Horace Byatt, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza nchini, suala hilo liliingizwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919. Ibara ya 246 iliitaka Ujerumani kulirejesha fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Katika mkataba uliopanga upya mipaka ya Ulaya, mtu aliyekufa katika pori la Iringa alitajwa kwa jina.

Miezi sita ikawa zaidi ya miaka 30. Mnamo 1953 Gavana Edward Twining alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, na miongoni mwa mafuvu yaliyotoka Afrika Mashariki akachagua moja lenye tundu la risasi, ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya ukoo wa Mkwawa. Wapo wanahistoria ambao wamehoji uthabiti wa uteuzi huo. Kwa Wahehe, hata hivyo, kilichorudi kilikuwa zaidi ya mfupa.

Juni 19, 1954, mbele ya umati mkubwa uliokusanyika Kalenga, Twining alilikabidhi fuvu hilo kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Mjukuu huyo, miaka minane baadaye, alikuwa Spika wa Bunge la Tanganyika huru, na aliendelea kuliongoza Bunge la nchi hii kwa vipindi viwili hadi mwaka 1994. Babu alitafuta usalama nyuma ya mawe. Mjukuu aliishi kuona nchi ambayo Mhehe, Mzaramo na Msangu waliketi katika ukumbi mmoja bila ukuta kati yao.

Kilichobaki

Leo fuvu limehifadhiwa katika makumbusho madogo ya Mkwawa hapo Kalenga. Lakini mgeni anayekwenda kuutazama ule ukuta mkubwa huenda akasikitika. Palipokuwa na mji ulioitisha dola ya Ujerumani, sasa pana kijiji cha kawaida chenye nyumba na mashamba, na mabaki ya ngome ni machache, yakihitaji mwenyeji wa kuyaonesha. Mvua za zaidi ya karne moja zimeurudisha udongo kwenye mto ulikotoka.

Ukirudi mjini Iringa, hali ni nyingine. Jengo la Boma la Wajerumani, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, limesimama imara, na tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa. Ni jambo jema kwamba jengo hilo linatunzwa. Hata Lugalo, mnara wa kumbukumbu uliojengwa na Wajerumani kwa ajili ya wafu wao ungalipo. Hivyo mshindwa wa Lugalo ana mnara, na aliyeivunja Kalenga ameacha boma, ilhali mwenye nyumba ukuta wake umebaki mstari wa mawe majanini.

Kadhia hii haiwahusu Wahehe peke yao. Maboma ya magogo yaliyokuwa Uzaramo hayana hata mstari huo, kwa kuwa mti huoza na mchwa hula. Mtoto anayesoma Kibaha au Kisarawe hana mahali pa kupelekwa akaoneshwa namna babu zake walivyojilinda wakati misafara ya bunduki ilipopita. Kalenga ni miongoni mwa mahali pachache nchini ambapo bado inawezekana kuweka mkono juu ya jiwe lililopangwa na Waafrika waliokataa kutawaliwa. Jiwe hilo halihitaji sifa mpya. Linahitaji kupimwa, kuchorwa ramani na kuwekewa mipaka, kabla jembe na msingi wa nyumba havijalihamisha.

Mkwawa alidhani ukuta ungelilinda jina lake. Mambo yakawa kinyume: jina ndilo lililobaki kuukumbusha ukuta. Kila kondakta anayepaza sauti kituoni kuita abiria wa Iringa, anaitaja ngome ya kando ya mto bila kujua. Waliomsikia wakajua maana yake, wana la kufanya kuhusu mawe yaliyosalia.